Chumvi, Unyago na Presha katika Pwani ya Mtwara

Kusi likishika na mvua zikakatika, tambarare zilizo nyuma ya mikoko kuanzia Mikindani hadi Msimbati na mdomo wa mto Ruvuma hubadilika rangi. Maji ya bamvuo yaliyopanda na kunasa huko hukaushwa na jua, yakaacha utando mweupe juu ya udongo. Kazi ya chumvi ilianzia hapo, zamani sana, kabla Wajerumani hawajajenga Boma la Mikindani mwaka 1895, kabla Waingereza hawajachimba bandari ya kina kirefu Mtwara kwa ajili ya mradi wao wa karanga, na kabla mtu yeyote hajawaza kwamba chini ya Mnazi Bay kuna gesi.

Njia kongwe ilikuwa kupika. Udongo wenye utando ulikwanguliwa, ukatiwa kwenye kikapu au chungu chenye matundu, kisha ukamwagiwa maji. Maji yalishuka taratibu yakiwa yamebeba chumvi, yakakingwa kwenye chombo cha chini, na udongo uliobaki ukatupwa. Yale maji makali ndiyo yaliyopandishwa motoni, kuni zikiwa za mikoko, yakachemka saa nyingi hadi kukabaki rojo jeupe la kuanikwa. Kazi hii ya chungu na moto ilikuwa mikononi mwa wanawake zaidi. Baadaye yakaja mashamba ya chumvi: matuta ya udongo, lango la kuingizia bamvuo, bwawa la kwanza la kuyakoleza maji na majaruba madogo ambamo jua hufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na kuni. Chumvi ikiiva hukokotwa kwa reki za mbao, ikarundikwa, ikatiwa kwenye viroba. Mvua za kaskazi zikianza, msimu umekwisha.

Kutoka pwani, chumvi ilipanda bara vichwani mwa watu. Wayao waliosafiri kati ya nchi ya Ziwa Nyasa na pwani ya Kilwa na Mikindani walishuka na pembe za ndovu, tumbaku, ngozi na majembe, na baadaye watumwa. Waliporudi walibeba nguo, shanga na chumvi. Juu ya uwanda wa Makonde, kwenye vijiji vya Newala na Mahuta, hata maji yalikuwa ya kutafutwa: wanawake walishuka mabondeni na kupanda tena na mitungi, mpaka mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kusukuma maji kwa mashine katika miaka ya 1950. Mahali ambapo maji yenyewe hupanda kwa kichwa, chumvi haiwezi kuwa kitu cha kumwagwa ovyo.

Waliokosa chumvi ya bahari walikuwa na njia nyingine. Sehemu nyingi za bara la Afrika Mashariki watu walichoma nyasi na mimea ya kinamasi, wakachuja majivu yake na kutumia maji hayo kwenye mboga. Ladha inafanana kidogo, ila kemia yake ni tofauti kabisa. Chumvi ya bahari ni sodiamu. Ya majivu kwa sehemu kubwa ni potasiamu, na potasiamu huisaidia figo kuitoa sodiamu nje. Kwa hiyo mlaji wa Msimbati mwenye ng'onda na papa mkavu mezani, na mlaji wa kijiji cha mbali ambaye chumvi humfikia mara chache kwa mwaka, waliishi na damu zenye kazi tofauti.

Chumvi hiyohiyo ilikuwa na adabu yake jikoni. Katika jamii za Wayao na majirani zao wa ukanda wa Ruvuma na Ziwa Nyasa, mwanamke aliye hedhini hakutakiwa kutia chumvi kwenye mboga. Ilisemwa kwamba atakayekula ataugua kifua. Sufuria ilipofika hatua hiyo, aliitwa mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo, au bibi ambaye hedhi yake imekoma, akatia yeye. Mafundisho hayo msichana aliyapata kwa kungwi wake, kwenye unyago, pamoja na mengine mengi yanayohusu mwili wa mtu mzima. Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig aliyezunguka Masasi, Newala na Mahuta mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya Vita vya Maji Maji kuwaka, alibeba kamera ya sinema na fonografu, akazinasa ngoma na nyimbo za huko na kuandika kwa kirefu kuhusu unyago alioushuhudia. Padri Vincent Lucas, ambaye baadaye alikuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi, aliingiza jando ndani ya kanisa, akaweka sala mahali pa matambiko. Alipojaribu kufanya hivyo kwa wasichana, mambo yalikuwa magumu zaidi. Makungwi hawakuwa tayari kuachia mafundisho yao.

Mgawanyo wa makungwi ulikuwa wazi: mtoto wa kike, mwanamke anayepata hedhi, mjamzito, na bibi aliyekoma. Kila kundi lilikuwa na nafasi yake kwa chumvi. Sababu zao zilikuwa za miiko na hofu ya maradhi, na sayansi haijathibitisha kwamba mboga iliyotiwa chumvi na mwenye hedhi humdhuru mtu. Lakini hatua hizo nne ndizo ambazo wataalamu wa homoni, wakiwa mbali sana na Ruvuma, walikuja kuzikuta zikipanga namna mwili unavyoishughulikia chumvi na presha.

Mwaka 1898 huko Stockholm, Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman walisaga figo za sungura, wakachuja maji yake na kuyadunga kwa sungura wengine. Presha ikapanda. Kitu kilichoipandisha walikiita renini, na kwa zaidi ya miaka 30 hakuna aliyekishughulikia sana. Mwaka 1934 Harry Goldblatt wa Cleveland, Marekani, aliubana mshipa unaopeleka damu kwenye figo ya mbwa, na presha ya mbwa ikapanda na kubaki juu. Miaka michache baadaye makundi mawili, moja la Buenos Aires na jingine la Marekani, yaligundua karibu wakati mmoja kwamba renini yenyewe haibani mishipa. Inazalisha kitu kingine kinachobana. Kila kundi likakipa jina lake, na mwaka 1958 wakakubaliana kuyaunganisha majina hayo: anjiotensini.

Kiungo cha mwisho kilipatikana London. Mwaka 1953 Sylvia Simpson na James Tait, ambao baadaye walioana, walitangaza pamoja na wenzao wa Basel homoni inayotoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo. Ndiyo aldosteroni.

Mnyororo mzima unaeleweka hivi. Damu ikipungua nguvu au chumvi ikiadimika, figo hutoa renini. Renini huikata protini inayotengenezwa na ini, kikapatikana kipande ambacho kimeng'enya kilichojaa kwenye mapafu hukigeuza kuwa anjiotensini ya pili. Hiyo hubana mishipa ya damu na kuziamuru tezi za juu ya figo zitoe aldosteroni. Aldosteroni nayo huiamuru figo isiiachie sodiamu, na sodiamu ikibaki, maji hubaki nayo. Presha hupanda.

Mfumo huu uliumbwa kwa ajili ya uhaba. Mwaka 1975 watafiti waliwapima Wayanomami wa msitu wa Amazoni, ambao hawakuwa wakila chumvi ya kuongeza kabisa: renini na aldosteroni zao zilikuwa juu sana, presha zao ziko chini hata uzeeni. Miili yao ilikuwa ikilinda kila punje. Mwanakijiji wa uwanda wa Makonde wa karne ya 19, aliyenunua chumvi kwa kipimo cha kiganja, alihitaji ulinzi wa namna hiyo. Chumvi ilipokuwa rahisi na kuuzwa kila duka, mfumo wa kulinda haukuondoka.

Lakini haufanyi kazi sawa kwa mwanamume na mwanamke. Tofauti huanza kuonekana wakati wa balehe, umri uleule ambao kusini huambatana na unyago. Kabla ya hapo presha za wavulana na wasichana hazitofautiani sana. Baada ya hapo ya wavulana hupanda zaidi, na kwa watu wazima wa umri mmoja presha ya mwanamume huzidi ya mwanamke kwa wastani wa milimita 6 hadi 10 za zebaki. Testosteroni huchochea renini, na kwa kawaida renini ya wanaume hufanya kazi kwa nguvu zaidi. Estrojeni huenda kwa mizani mbili: huliongezea ini protini ile ambayo renini huikata, lakini hupunguza renini yenyewe na kile kimeng'enya cha mapafu, tena huilegeza mishipa. Jeni za sehemu mbili za mfumo huu zinazosaidia kutuliza mbano, kipokezi cha pili cha anjiotensini na kimeng'enya kinachoivunja anjiotensini ya pili, ziko kwenye kromosomu ya X, ambayo mwanamke anazo mbili.

Projesteroni ina mchezo wake. Hukalia mahali pa aldosteroni kwenye figo, ikazuia amri ya kushika chumvi isifike. Mwili hujibu kwa kutoa aldosteroni zaidi. Ndiyo sababu katika nusu ya pili ya mzunguko wa mwezi homoni hizo zote mbili huwa juu, na wanawake wengi huhisi kuvimba.

Athari ya estrojeni kwa ini ilikuja kuonekana mitaani kupitia vidonge vya uzazi wa mpango. Kidonge cha kwanza kiliruhusiwa Marekani mwaka 1960, na mwaka 1967 John Laragh na wenzake wa New York walieleza habari za wanawake waliopandwa na presha baada ya kuanza kukitumia, presha zao zikashuka walipokiacha. Tanzania, ambako chama cha UMATI kilianza kazi ya uzazi wa mpango mwaka 1959, mteja wa vidonge vyenye estrojeni hupimwa presha kwanza. Mwanamke wa Mikindani anayefungiwa mpira wa kipimo mkononi kabla ya kupewa pakiti yake anapimwa kwa sababu ya kilichogunduliwa katika miaka hiyo.

Hakuna mahali ambapo tofauti hii imekuwa suala la kufa na kupona kama kwenye wodi ya wazazi. Mimba ikiingia, maji ya damu huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50. Renini hupanda, anjiotensini hupanda, aldosteroni huongezeka mara kadhaa. Kwa mwanamume, hali hiyo ingetosha kuipeleka presha mbali. Kwa mjamzito mwenye afya, presha hushuka katikati ya mimba, kwa kuwa mishipa yake huacha kuitii anjiotensini na projesteroni huipunguzia aldosteroni makali. Mwaka 1973 Norman Gant na wenzake wa Dallas walionyesha jambo hilo waziwazi kwa kuwadunga anjiotensini wanawake vijana wenye mimba ya kwanza. Wale waliobaki salama walihitaji dozi kubwa ndipo presha ipande. Wale waliokuja kupata presha ya mimba walianza kupoteza ukinzani huo wiki nyingi kabla ya dalili yoyote kuonekana.

Presha ya mimba isipogunduliwa, huweza kuishia kwenye kifafa cha mimba: kichwa kuuma, macho kuona kiza, kuvimba uso na mikono, kisha degedege. Hospitali za misheni za kusini ziliupokea ugonjwa huu kwa miongo mingi zikiwa na vifaa haba. Wabenedikto walifungua misheni ya Ndanda mwaka 1906, baada ya vituo vyao vya jirani kuharibiwa katika Maji Maji. Leader Stirling, daktari Mwingereza, alifika dayosisi ya Masasi mwaka 1935, akafanya upasuaji Lulindi ndani ya majengo ya udongo na nyasi, akahamia Mnero baadaye, na kati ya 1975 na 1980 akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Katika miaka hiyo ya mwanzo, msaada mkubwa kwa mwenye kifafa cha mimba ulikuwa dawa za kutuliza, chumba chenye giza na kumtoa mtoto mapema.

Na chumvi ikarudi, safari hii kwa mkono wa daktari. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20, hospitali za Ulaya na Marekani ziliwakataza wajawazito chumvi, kwa hoja kwamba inavimbisha miguu na kupandisha presha. Ulikuwa mwiko wenye koti jeupe. Mwaka 1958 Margaret Robinson alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya wanawake zaidi ya 2,000 wa London: nusu waliambiwa wapunguze chumvi, nusu waiongeze. Walioongeza ndio waliopata presha ya mimba kwa uchache zaidi. Tafiti za baadaye hazikuthibitisha kwamba kuongeza chumvi ni dawa, lakini katazo lile la jumla lilikufa. Mjamzito leo hushauriwa ale chumvi kwa kiasi cha kawaida. Damu yake inayopanuka inaihitaji.

Dawa iliyokuja kuokoa wanawake wengi nayo ni chumvi, ila ya jamii nyingine. Magnesiamu salfeti, ileile ambayo hapo awali ilijulikana madukani kama chumvi ya haluli, ilipimwa kwa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kwamba hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya presha ya mimba kugeuka kifafa. Sindano hiyo ni sehemu ya mwongozo wa matibabu nchini.

Kwa njia hii kipimo cha presha kiliingia kusini mwa Tanzania kwa mlango wa kliniki ya wajawazito. Mwanamke wa Msimbati aliyezaa watoto wanne ameshafungwa kipimo mara nyingi, na namba zake ziko kwenye kadi. Mumewe, mvuvi au mkulima wa korosho, anaweza kufika miaka 50 bila kupimwa hata mara moja. Homoni zinasema yeye ndiye anayetangulia kupanda. Mfumo wa afya ulimtanguliza mkewe, kwa sababu nzuri ya uzazi.

Historia ya kupima watu wazima Afrika Mashariki ilikuwa na maswali mengine. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini nchini Kenya, aliandika katika Lancet kwamba miongoni mwa wagonjwa takribani 1,800 waliolazwa hospitalini kwake katika miaka miwili hakukuta mwenye presha ya kupanda. Mwaka 1990 Neil Poulter na wenzake walionyesha kilichobadilika: Wajaluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi walipandwa na presha ndani ya miezi michache, na mkojo wao ukaonyesha sodiamu nyingi zaidi na potasiamu kidogo kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani. Ni tofauti ileile ya chumvi ya bahari na chumvi ya majivu.

Tanzania ilipata picha yake mwaka 2000, watafiti walipochapisha hali ya Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Shari, Kilimanjaro. Karibu theluthi ya watu wazima walikuwa na presha, mjini na kijijini. Wanaume na wanawake walikuwa karibu sawa. Waliojua kwamba wanayo hawakufika hata mmoja kati ya watano, na ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa walikuwa chini ya 1 kati ya 100.

Usawa huo wa wanaume na wanawake unaficha mambo mawili tofauti. Mwanamume huanza mapema. Mwanamke hubaki chini kwa miaka yake ya hedhi, kisha estrojeni inapopungua, presha yake hupanda kwa kasi hadi kumfikia mwanamume, na katika nchi nyingi humpita baada ya miaka 60. Wakati huo pia mwili wake huwa mwepesi zaidi kuitikia chumvi kwa kupandisha presha. Bibi aliyepewa ruhusa na makungwi ya kutia chumvi kwenye mboga ndiye ambaye daktari humwambia sasa aipunguze. Zaidi ya hapo, ameshamaliza kuzaa, hivyo kliniki iliyokuwa ikimpima haimwoni tena. Aliyewahi kupata presha ya mimba yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya presha ya kudumu na maradhi ya moyo uzeeni, na habari hiyo iko kwenye kadi ya uzazi ya miaka 20 iliyopita, kama bado ipo.

Hata vidonge vina jinsia. Kaptoprili, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981, ilitokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazil; inazuia kile kimeng'enya kinachozaa anjiotensini ya pili. Dawa hiyo na ndugu zake, kama enalaprili, husababisha kikohozi kikavu, na wanawake hukipata zaidi kuliko wanaume. Tena haziruhusiwi kwa mjamzito, kwani huharibu figo za mtoto aliye tumboni, ambaye naye anauhitaji mfumo huohuo wa anjiotensini ili figo zake zikue. Mwanamke mwenye presha anayetarajia kushika mimba huhamishiwa dawa nyingine, methildopa au nifedipini. Mwanamume hahitaji kuulizwa swali la mimba, na mtoa dawa asiyemuuliza mwanamke wa miaka 30 huweza kumpa kidonge sahihi kwa presha na hatari kwa mimba.